Ati Si Lazima

Nkt! Ati si lazima.

Hiyo ndiyo habari inayotukalisha kwenye steji ya boda hapa Mutomo siku hizi. Si bei ya ndengu, wala si malori yanayokuja kutoka Kibwezi yakipita hapa kama yamekimbiwa na mke. Shule zimefungwa Agosti, watoto wamerudi na karatasi. Juu imeandikwa: soma kitabu chochote cha hadithi ukipendacho, kisha uandike muhtasari wa ukurasa mmoja. Halafu: andika insha kuhusu jambo lililokufurahisha likizoni. Na chini kabisa kuna yale maneno yaliyomfanya fundi viatu aweke sindano chini: kazi hii ni ya hiari, si lazima.

"Ukipendacho," fundi akarudia, akafyonza. "Kwangu kuna kabati gani la vitabu, mtoto asimame mbele yake ashike kidevu achague?"

Tukaanza kuhesabu maandishi yaliyomo katika nyumba ya kawaida ya huku kwetu. Biblia ya Kikamba ipo, lakini hiyo ni ya susu, yaani nyanya, na haitoki kwenye mkoba wake bila sababu ya kiroho. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kipo. Kalenda ya mwaka juzi yenye picha ya mheshimiwa akicheka ipo, inaziba ufa. Kuna ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Na kuna pakiti ya mbegu za ndengu, Biashara au Ndengu Tosha, yenye maelezo ya namna ya kupanda.

Mimi nikasema pakiti ya mbegu si kitu cha kudharau. Ina hesabu, ina maagizo, ina tahadhari ya sumu ambayo watu wazima hawaisomi kisha wanalia na macho. Mwalimu angeandika, "Soma pakiti ya mbegu, umweleze nyanyako kwa Kikamba, kisha uandike alichokubishia," hakuna boma kuanzia Ikanga hadi Ikutha ambalo lingesema halina kitabu. Na nyanya angebisha kweli. Hiyo insha ningetoa pesa niisome.

"Wewe unadhani mwalimu ana wakati wa kukaa chini afikirie pakiti?" dereva mmoja wa boda akaniuliza. "Ile karatasi ameitoa kwenye simu, akaipeleka saiba, ikapigwa chapa. Hata jina la shule si letu. Angalia hapo juu."

Tukaangalia. Kweli, jina la shule halikuwa letu.

Sasa tuulizane bila kuoneana haya: huyo mtoto anayepewa kazi ya hiari Agosti, anaifanya saa ngapi? Agosti ya Kitui Kusini haina mchezo. Mvua ya Machi ilikuja kusalimia tu, na ile tunayoitegemea ya Oktoba haijafika. Mito ni mchanga mtupu. Mtoto wa Gredi ya Sita anaamka na punda watatu na mitungi, anateremka mtoni, anangoja zamu kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, anachota kwa kikombe hadi mtungi ujae, anapanda tena. Akifika kuna mbuzi. Akimaliza mbuzi kuna mdogo wake. Jua likitua, taa ya sola ni moja na iko jikoni kwa mama, na haki yake iwe huko, maana hakuna anayetaka muthokoi wenye mawe. Hayo yote hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote na hakuna hata moja lenye mabano ya si lazima.

Kwa hivyo anayefanya kazi ya hiari tunamjua. Ni mtoto wa daktari wa hospitali ya misheni, mtoto wa mwalimu, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Watoto wazuri, sina kesi nao. Wana meza, wana stima, wana mtu wa kumwuliza neno gumu. Septemba wanarudi na muhtasari uliopigwa chapa na jalada la plastiki juu, mwalimu anauinua darasani wote wauone. Yule wa punda anakaa kimya nyuma na kuambiwa kimoyomoyo kwamba hana bidii.

Wakati tunasema hayo, mwalimu mmoja kijana alikuwa anapita, akasimama kununua salio. Tukamshika. Hakukasirika, alicheka tu, akatueleza kwamba yale maneno ya si lazima ni ngao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na aliyevunja, faini au kifungo, au vyote viwili, vinamngoja. Ukilazimisha mtoto kazi ya likizo, mzazi mmoja mwenye simu nzuri anakupiga picha ya karatasi, kesho unaitwa ofisini ujieleze. Ukiacha kutoa kabisa, mzazi mwingine anakuja na kusema watoto wanakaa bure. "Basi tunaandika hiari," akasema. "Kila mtu analala."

Na mimi naiunga mkono ile sheria, nisieleweke vibaya. Tulivyoambiwa lipa pesa ya masomo ya likizo au mtoto aachwe nyuma, tunakumbuka. Ilikuwa biashara. Lakini sheria ilifunga mlango wa masomo ya kulipia, haikumwambia mtu atupe karatasi dirishani kisha aende zake.

Hapo mzee wetu, mwalimu mstaafu ambaye kiti chake ni jiwe lile karibu na mwarubaini na hakuna mwingine anayelikalia, akakohoa. Akikohoa hivyo tunajua tuko 2020 au tuko nyuma zaidi. Safari hii tulianzia 2020.

Mwaka ule tulipewa hiari kubwa kuliko zote. Machi 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule, na watoto wa taifa zima wakaambiwa wasomee nyumbani. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ikaweka masomo kwenye redio za KBC, kwenye runinga ya Edu Channel na kwenye YouTube. Ratiba ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu imebandikwa ukutani kwa chifu. Hakuna aliyekuja kuuliza kama umesikiliza.

Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeshasema yote. Kaya zenye redio nchini zilikuwa asilimia 56.9, zenye runinga asilimia 40.7, zenye intaneti asilimia 17.9. Na hiyo ni Kenya yote, ukichanganya na Nairobi ambako hata mbwa wa mtu ana waifai. Mei 2020 shirika la Usawa Agenda lilipoulizia, likakuta watoto kama 22 tu katika kila 100 ndio walioweza kuyafikia masomo ya kidijitali. Dereva wa boda akasema hao 22 hakuna aliyepita hapa steji.

Redio yenyewe ilikuwa na siasa yake. Katika nyumba nyingi ni moja, betri ni za kuhesabiwa, na mwenye kuishika ni baba. Saa ambayo KBC wanafundisha sayansi ndiyo baba anataka Musyi FM asikie nani amekufa na mvua iko wapi. Mtoto atasema nini? Atasema, "Baba, toa hapo, nina kipindi cha hiari"?

Halafu kulikuwa na yale mabaluni. Mnayakumbuka? Yalikuwa ya Loon, kampuni ndugu ya Google, wakishirikiana na Telkom Kenya, ili yarushe intaneti kutoka angani. Yalianza kazi Julai 2020. Tukasikia Eldoret, tukasikia Nakuru, tukasikia Kisumu. Sisi tukainua shingo, tukaona mwewe. Januari 2021 kampuni ikatangaza inafungwa. Nkt.

Lakini kuna jambo moja la mwaka ule ambalo mimi sikulijali hadi huyu dereva aliponisimulia. Dada yake mdogo alikuwa anatumia simu ya kabambe ya mama yao kusoma kwa Shupavu 291, ule mpango wa Eneza uliokuwa ukija kwa ujumbe mfupi. Unabonyeza *291#, unachagua darasa, unaletewa somo fupi na maswali. Unajibu. Ukikosa, ujumbe unarudi pale pale kukuambia umekosa na kwa nini. Msichana alikuwa anagombana na ile simu. Anaambiwa amekosa, anasema, "Ngoja nikuonyeshe!" Anarudia. Mama akawa anaficha chaja, maana simu inazima kabla watu wa ndengu hawajamtumia pesa yake. Hakuna aliyemlazimisha msichana. Hakukuwa na cheti wala zawadi. Kilichokuwepo ni kwamba akisema kitu, kitu kinamjibu.

Sasa mlinganishe na binti wa fundi. Huyo alikuwa Darasa la Tano. Nyumba yao ilikuwa na bahati ya redio, na fundi kwa kazi yake hasikilizi redio, anasikiliza watu. Basi binti akajipangia. Alichukua daftari la kurasa 96, akawa ananakili kila kipindi anachokipata: tarehe juu kwa kalamu nyekundu, somo, jina la mwalimu wa redioni jinsi alivyolisikia, maswali, majibu. Pale sauti ilipopotea ameandika "redio imekwama" na kuacha mistari mitatu wazi, ili akipata mwenzake aliyesikia ajaze. Ile mistari mitatu iko wazi hadi leo.

Julai 7 marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Oktoba 12 wakarudi Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne peke yao. Wengine wote, Januari 4, 2021. Binti akarudi na barakoa, nadhani ni zile za kiwanda cha kaunti cha KICOTEC, na daftari lake amelifunika gazeti. Akaliweka juu ya dawati siku ya kwanza. Siku ya pili akaliweka. Mwalimu alikuwa na watoto wengi wa kutenganisha, na kalenda iliyobanwa ambayo ilitukimbiza hadi Januari 2023. Akaanza mada ya kwanza mwanzo kabisa. Wiki ya pili daftari likabaki nyumbani. Fundi anasema hakuona mtoto akilia. Aliona tu hakuandika tena kitu ambacho hakuambiwa aandike.

"Na mimi simlaumu mwalimu," fundi akasema, akivuta uzi kwa meno. "Lakini tiki moja ingemgharimu nini?"

Mzee akakohoa mara ya pili. Hapo ndipo tukarudi nyuma zaidi.

Yeye, akasema, ualimu wake wote aliupata kwa kusomea nyumbani. Alianza kufundisha akiwa na cheti cha msingi tu, kijana wa kaptura anayewafundisha vijana wa kaptura. Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu enzi kikiitwa University College mwaka 1967, kilikuwa na kitengo cha masomo ya posta pale Kikuyu, kwa walimu wa aina yake waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha pili, ule ulioitwa KJSE. Vijitabu vinakuja kwa posta. Vipindi vinasomwa kwenye Sauti ya Kenya. Hakuna kiboko, hakuna kengele, hakuna wa kukusukuma. Ukitaka, soma, usipotaka, vijitabu ni kuni.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Mwisho wa kila somo kuna maswali. Unajibu kwa mkono, unatia kwenye bahasha, unapanda lori la Kitui kuitia posta. Halafu unangoja. Wiki zinapita. Siku moja unaitwa, bahasha ya khaki imefika. Unafungua, unakuta mtu ambaye hujawahi kumwona ameandika pembeni kwa wino mwekundu: 'Hapa hukufikiri. Rudia.' Mimi nilikuwa natembea na ile karatasi. Nilimwonyesha mke wangu. Nilimwonyesha hata padri. Mtu wa Kikuyu huko amesoma maneno yangu hadi akakasirika!"

Tulicheka, lakini mzee hakuwa anachekesha. Alimaliza kozi. Na akakiri kwamba wenzake kadhaa waliacha njiani, kwa sababu posta ilikawia, au marupurupu yalikwisha, au watoto walizaliwa. Mimi hapo ndipo nilipopata ninachokitaka katika gumzo hili lote. Tunagombania kama kazi ya nyumbani iwe hiari au lazima, kumbe mtoto wa huku hilo halimsumbui hata kidogo. Kuteka maji ni lazima na anateka. Kabumbu ni hiari na anacheza hadi giza. Anachokiangalia ni kama upande wa pili kuna mtu. Karatasi yenye si lazima kwa mwanafunzi huwa ina si lazima nyingine isiyoandikwa, ya mwalimu kuisoma, na watoto wana pua, wanainusa hiyo ya pili kabla ya kumaliza kusoma ya kwanza.

Dereva akaniambia nimeanza kuhubiri. Mwalimu kijana, ambaye salio lake lilikuwa limeshaingia lakini hajaondoka, akajitetea. Ana wanafunzi zaidi ya sitini. Insha sitini, dakika tano kila moja, ni saa tano, na hizo saa tano Septemba ziko wapi, wakati mtaala mpya unamtaka ajaze tathmini ya kila mtoto na kuipakia kwenye mfumo? Hilo nalo ni la kweli, na anayedhani mwalimu wa siku hizi anakaa tu, basi akaketi mbele ya ule mfumo usiku intaneti ikikatika. Fundi akapunguza bei: basi asisome zote. Asome kumi wiki hii, kumi wiki ijayo. Au mtoto aandike mistari sita badala ya ukurasa. Mistari sita iliyosomwa.

"Na vitabu?" mwalimu akauliza.

Hapo tukaanza upuuzi wetu, kila mtu na mradi wake. Nilitaja kwamba kule Garissa, ng'ambo ya Tana, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kubebesha ngamia vitabu kuwafikia watoto wa wafugaji. Dereva akasema sisi tuna punda. Fundi akasema punda wetu wana kazi, wasiongezewe mzigo. Mzee akasema pikipiki kumi na mbili zimekaa kivulini tangu asubuhi zikitafuna mugukaa, ziko tayari kubeba nini kama si vitabu? Hapo wenye pikipiki wakaangalia kwingine.

Ni katikati ya mzozo huo ndipo mama njugu alipopita na beseni lake. Nikanunua ya shilingi kumi. Mnajua njugu za hapa zinavyofungwa: kikaratasi kilichosokotwa kama pembe, karatasi ya daftari la shule. Nikamimina njugu kiganjani, nikataka kukitupa. Jicho likaona mwandiko wa mtoto, herufi kubwa zimesimama wima, na juu imepigwa mstari kwa rula: KAZI YA LIKIZO. Nikakikunjua. Ilikuwa insha. Hakukuwa na alama yoyote ya mwalimu, hata duara.

Nikaisoma kwa sauti. Mtoto anaeleza kuhusu punda wao ambaye hamtaji jina kwa sababu, anasema, baba amekataza kumpa jina mnyama wa kazi, "lakini mimi ninamwita ndani ya roho." Siku hiyo amefika mtoni peke yake, kisima kimeingia mchanga, amechimba hadi mkono umefika begani. Akasikia mngurumo juu mtoni. Mvua haikuwa imenyesha hapa, ilinyesha milimani. Maji mekundu yakatokea kwenye kona na matawi juu yake. Punda akakataa kuondoka kwa sababu mitungi ilikuwa haijajaa, "na yeye huwa anajua." Mtoto anavuta kamba. Punda anavuta kamba. Maji yakafika kwenye magoti ya

Karatasi ikaishia hapo.

"Ya nani?" fundi akapiga kelele. "Magoti ya nani?"

Nikageuza upande wa pili. Ulikuwa na hesabu za asilimia.

Steji ikasimama. Dereva akanunua njugu za shilingi ishirini, akafungua, akapata ramani ya Afrika na Misri imeandikwa Msri. Mzee, ambaye meno yake na njugu waliachana zamani, akanunua tatu. Akapata jedwali la sita, barua ya kuomba radhi, na ukurasa mtupu. Mwalimu kijana akatumia lile salio, akampigia mkewe amwambie atachelewa, akavuta beseni karibu. Pikipiki mbili zikaacha abiria. Mama njugu akatuambia karatasi huuziwa na watoto, daftari zima kwa njugu za kumi, na hakumbuki ni la nani, lakini lazima ukurasa wa pili upo, kama si hapa basi ameuza sokoni asubuhi.

Mzee alishashikilia kwamba punda amekufa. Dereva akamwambia punda hawezi kufa, insha ilisema jambo lililokufurahisha likizoni. Mzee akamjibu kwamba mtoto hakulazimishwa kufurahi. Fundi akataka mama njugu aseme sokoni aliuzia nani na nani, jina kwa jina.

"Mimi nauza njugu," mama akasema, akihesabu sarafu. "Hadithi ni juu yenu."